Mahali Alipozaliwa Baba

Swali lililoninyima usingizi mwaka ule lilikuwa moja, na nikilikumbuka leo naona aibu kwa jinsi nilivyoligeuzageuza: je, ni ile barua yangu? Nilikuwa na shahada ya kilimo, Mama ameitundika ukutani juu ya kabati la vyombo, na sikuwa na kazi, kwa hiyo muda wa kufikiri nilikuwa nao tele. Nilifikiri nikichuma nyanya, nikisugua masufuria, nikisubiri zamu yangu bombani. Nilijitetea, nikajihukumu, nikakata rufaa. Labda si barua. Labda ni jirani mwenye kinyongo. Labda ni ukaguzi wa kawaida na wangekuja tu hata nisingeandika kitu. Kisha narudi palepale: lakini uliandika, Rehema. Kurasa mbili, na hakuna aliyekuomba hata mstari mmoja.

Sikukusudia kuyaandika haya. Kilichonichokoza ni msiba wa Mjomba Salumu, kaka yake mama, aliyefariki miezi miwili iliyopita pale kwetu Mlali. Siku ya mazishi watani wa ukoo walikuja kufanya kazi yao, ambayo ni kutuchekesha wakati tunataka kulia. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, alivaa koti la marehemu, akajifanya ndiye yeye, akasimama njiani jeneza lisipite. "Huyu anakwenda wapi? Shamba la nani hilo? Ana barua?" Watu wakamwambia, lakini huyu ni wewe mwenyewe, Salumu. "Hata kama ni mimi! Sisaini! Nikisaini leo, kesho atasema kaburi ni lake!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata mashehe wakainamisha vichwa kuficha meno. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta, kisha nikagundua kwamba nimekasirika. Sikuwakasirikia watani, wao wana haki yao. Nilikasirika kwa sababu mzaha ule ulikuwa mwaka mzima wa maisha yangu, na mwisho wake walikuwa wameukosea.

Basi nianze na fomu. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuoni nikapata nafasi ya mafunzo ya miezi sita nje ya nchi, mambo ya kulima ndani ya kitalu nyumba, na nikahitaji pasipoti. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya kujaza mahali alipozaliwa baba, urefu wake kama kidole. Mtu mwingine yeyote mwenye baba kama wangu angeandika Morogoro na kuendelea na maisha yake. Baba mwenyewe, akiulizwa, siku zote alijibu Morogoro. Lakini mimi nilijua kwamba alizaliwa Burundi, kwenye kijiji ambacho bibi alikuwa akikitaja akisuka mikeka, na kwamba aliletwa mgongoni kabla hajajua kutembea, bibi alipovuka mpaka na kuishia kukata mkonge kwenye shamba la upande huu. Nikawaza: nikiandika Morogoro ni uongo, uongo kwenye fomu ni kosa, wakigundua watanifuta, wakinifuta watauliza na shahada yangu niliipataje. Hivyo ndivyo kichwa changu kinavyofanya kazi, nimeshazoea. Nikaandika ukweli, na kwa kuwa ukweli haukuenea kwenye mstari, nikaambatisha barua. Nilieleza bibi alivyokuja, nikataja jina lake na jina la kijiji, nikaeleza kwamba Baba hajawahi kurudi huko wala kuwa na karatasi ya nchi yoyote, nikamalizia kwa unyenyekevu: naomba jambo hili lisiathiri maombi yangu.

Halikuathiri. Pasipoti yangu ilitoka bila shida, kwa sababu, kama afisa mmoja kijana alivyonieleza baadaye kwa upole uliozidi kuniumiza, mtoto aliyezaliwa hapa na mama Mtanzania hana mjadala. "Ungejaza tu pale, dada, ukaacha," alisema. Aliyeathirika ni Baba. Ofisi ileile iliyonipa mimi kitabu cha kuondokea nchini kwa hiari yangu ilimpa yeye karatasi ya kuondoka bila hiari yake.

Alirudi nayo mchana, siku ya maharage ya nazi. Naikumbuka harufu yake. Alivua viatu, akanawa, akala ugali wake wote bila haraka, akaomba na ukoko, akanawa tena. Ndipo akaitoa mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne, akaiweka kwenye kitambaa cha meza alichofuma Mama. Mama akaisogeza kwangu kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza mdudu. "Soma wewe uliyesoma." Nikasoma. Ndani ya miezi mitatu awasilishe uthibitisho wa makazi yake na aombe kibali cha kuishi nchini, la sivyo atarejeshwa nchi aliyozaliwa.

"Nchi niliyozaliwa," Baba alisema, akichokonoa meno. "Na huko nitapokelewa na nani?"

"Si utani huu, Baba Rehema," Mama akasema.

"Nani anatania? Kirundi ninachokijua ni kuhesabu mpaka kumi na matusi ya mama yangu. Nitafika, nitawahesabia, nitawatukana. Mazungumzo yamekwisha."

Mama hakucheka. Mimi niliangalia karatasi nikitafuta neno lolote litakalonionyesha kwamba haikutokana na barua yangu. Sikulipata. Mstari wa pili ulitaja kijiji cha bibi kwa jina, na hapa Mlali hapakuwa na kiumbe aliyewahi kuliandika jina lile zaidi yangu. Nilijua wakati uleule, mezani, na bado nikaendelea kujiuliza kwa miezi. Sijui niliupata wapi ujasiri wa kujidanganya kwa bidii namna ile.

Nyumba ilibadilika bila mtu kutangaza. Baba ndiye aliyekuwa akipeleka matenga ya nyanya mjini. Sasa akawa anaenda Mama, akirudi kutoka stendi ya Msamvu na miguu iliyovimba na habari za bei mbaya. Pikipiki ngeni ikiingia kijijini, Baba aliinuka kutoka kibarazani kama mtu aliyekumbuka kitu, akaingia ndani. Radio aliipunguza sauti. Hata chooni alianza kwenda akiwa amevaa koti, na nilipomuuliza akasema kuna baridi ya mlimani, mwezi wenyewe ni wa joto la kukausha mahindi.

Hapa inabidi nieleze kitu ambacho Mluguru hahitaji kuelezwa. Kwetu ardhi hufuata tumbo la mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, shamba ni la ukoo wa mama yake, na mwanaume aliyeoa akahamia kwa mkewe analima pale kama mgeni anayeheshimiwa. Ndiyo maana kijiji kizima, hata watoto, walimwita Baba "Shemeji." Kwenye benchi la dukani walimtania kila siku ya Mungu: "Shemeji, ukienda kwenu utuletee vitenge!" Naye hujibu, "Kwetu wapi? Nimeoa kwenu niwatoroke!" Ilikuwa salamu yao. Baada ya ile karatasi kusikika, kijana mmoja alisahau akautoa utani uleule, "Shemeji, vitenge vyetu usisahau," na benchi zima likanyamaza. Mtu akatazama kikombe chake cha kahawa, mwingine akaanza kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Nilikuwa nimekwenda kununua chumvi. Ningependa wangemtukana kuliko ule ukimya.

Uthibitisho wa makazi, basi. Baba ameishi Mlali tangu kabla sijazaliwa, amechimba makinga maji ya lile shamba kwa mikono yake, na hakuwa na hata kipande cha karatasi chenye jina lake juu ya kitu. Shamba la ukoo wa Mama. Nyumba imejengwa juu ya ardhi ya ukoo wa Mama. Mtendaji wa kijiji, mtu mwema mwenye meza isiyo na nafasi hata ya kuweka kiwiko, alikuna kichwa. "Mimi Shemeji namjua tangu navaa kaptula ya shule. Lakini siwezi kuandika 'namjua' nikagonga muhuri. Nileteeni barua ya wenye ardhi, kwamba huyu anaishi hapo na kulima hapo tangu lini. Nikiipata hiyo, kazi yangu ni dakika tano." Na msemaji wa wenye ardhi alikuwa Mjomba Salumu.

Nyumba yetu kuta hazifiki juu. Ukikaa chumbani unasikia kila kitu cha sebuleni, mpaka mtu anavyomeza chai. Ndivyo nilivyoyasikia mazungumzo ya Mama na kaka yake, si mara moja, kila Ijumaa baada ya swala, juma baada ya juma.

"Dada yangu," Mjomba alianza kila mara, akimtaja Baba kwa jina, "Yusufu ni mtu mzuri. Hajanivunjia heshima hata siku moja."

"Basi andika, kaka."

"Siandiki."

"Unataka wampeleke?"

"Nani kasema nataka wampeleke? Namwombea kila swala. Nasema siandiki."

"Hiyo tofauti yake ni nini?"

"Tofauti yake ni lile shamba la bondeni." Hapo nilisikia kikombe kikitua. "Yule bwana tulimkaribisha alime msimu mmoja. Akaomba barua ya kukopea mbolea. Nikaandika, kwa huruma, kwamba analima pale. Barua ileile ndiyo aliyokwenda nayo baraza la ardhi. Leo shamba lina ukuta na geti. Mababu zetu wamelala ndani ya geti la mtu."

"Yusufu si yule."

"Yusufu si yule, najua. Na atakayeikuta barua mimi na Yusufu tumekufa, naye unamjua?"

Huo ndio ulikuwa ukuta wenyewe, na ilikuwa inatia kichaa kwa sababu ukuta ule ulikuwa mpole. Kila alipokuja alimletea Baba mkungu wa ndizi. Walikaa kibarazani wawili wakila magimbi kwa chai ya rangi, wakijadili ukungu wa nyanya, Mjomba akimshika bega. "Vumilia, shemeji yangu. Mungu yupo." Halafu huyoo, anakwenda, hajaandika. Natamani angekuwa mtu mbaya. Mtu mbaya unamjulia pa kumkamatia.

Mimi nikafanya nilichojua kufanya: nikaandika. Nilimwandalia Mjomba rasimu aweke tu jina. Ya kwanza aliisoma akitembeza midomo, akaishia mstari wa nne. "Hapa umesema 'haki ya kulima.' Haki ya nani?" Nikaandika ya pili, nikaongeza kifungu kwamba barua hii haiathiri haki za ukoo. "Sasa umezitaja haki mara tatu. Mtu akitaja mlango mara tatu anataka kuingia." Nikaandika ya tatu, ya nne. Nilikwenda mjini nikasoma sheria za ardhi kwenye simu mpaka macho yakauma, nikarudi na ya tano yenye vifungu vidogo vya herufi. Ya tisa ilikuwa na kurasa tatu. Mjomba aliishika mbali na uso wake, akanirudishia. "Mwanangu, mimi sikuogopi wewe. Naogopa hii. Mila naijua. Hii siijui."

Karatasi ya Baba ilikuwa imebaki na siku kumi na mbili. Mafunzo yangu yalikuwa yaanze katika juma lilelile ambalo muda huo ungekwisha. Niliandika orodha ya sababu za kwenda na sababu za kubaki, nikaipanga upya mara nyingi, na kila nilivyoipanga ilinipa jibu nililolitaka siku hiyo. Mama alikuwa ameacha kuniuliza. Alipika, akapakua, akala amenigeuzia bega. Siku moja nilimsikia akimwambia jirani yake uani, wakichambua mchele, "Huyu amesoma mpaka hawezi kusema ndiyo." Wakacheka kidogo. Nilistahili.

Nilikwenda shambani asubuhi iliyofuata. Baba alikuwa akifunga miche ya nyanya kwenye miti yake, kwa vipande vya kitenge cha zamani, fundo lake lile legevu ambalo halikati shina. Mtu aliyebakiwa na siku kumi na mbili za kukaa nchini alikuwa akifunga nyanya zitakazoiva baada ya miezi miwili. Nilisimama nyuma yake kwa muda, nikiwa na hotuba nzima kichwani yenye utangulizi. Haikutoka. Nikasema tu:

"Baba, ni mimi. Niliwaandikia kwenye fomu ya pasipoti. Niliwaambia ulikozaliwa."

Hakugeuka. Alimaliza fundo. "Uliwaambia kijiji?"

"Ndiyo."

"Na mama yangu? Uliandika jina lake?"

"Niliandika. Lote."

Akakaa kwenye tuta, akaifuta mikono kwenye suruali. Nilidhani analia, lakini alikuwa akifikiri. "Basi hiyo ndiyo mara ya kwanza limeandikwa mahali," akasema. "Kaburi lake halina kibao. Kule kwenye mkonge walimwandika namba." Kisha akanitazama kwa ukali ambao nilikuwa nikiungoja kwa miezi, na niliufurahia. "Lakini kwa nini hukuniambia? Nimemchukia bure jirani wa watu! Nimemnyima mbegu!"

"Niliogopa."

"Uliogopa, ukakaa unaandika vitabu kwa ajili ya Salumu. Unamtaka Salumu wa nini? Salumu hana shamba. Salumu ni mlinzi. Kwa mila zao hawa, shamba ni la mama yako, na baada yake ni lako. Mimi hapa nilikuwa mgeni wa bibi yako, nikawa mgeni wa mama yako. Nikiishi sana nitakuwa mgeni wako." Akachukua kipande kingine cha kitenge. "Na waambie sina shamba. Anza na hilo. Ndilo analotaka kusikia, na ni kweli."

Ndivyo ilivyokuwa rahisi, na ndivyo ninavyokereka hadi leo. Mimi na Mama, wanawake wawili ambao ukoo mzima unapitia kwetu, tulikuwa tumekaa miezi tukimbembeleza mlinzi wetu atufungulie mlango wetu. Hata Mama alipomsikia Baba akilisema lile aliweka kijiko chini. "Sijawahi kumvuka kaka yangu," akasema.

"Hatumvuki, Mama. Tunamtangulia."

Nilipiga simu mafunzoni nikasema siji. Sikutoa maelezo, ilichukua chini ya dakika moja. Kisha nikachana karatasi kutoka daftari langu la chuo nikaandika kwa mkono, mara moja, bila rasimu:

"Sisi, Mwanahawa na binti yake Rehema, wenye shamba hili kwa upande wa mama, tunathibitisha kwamba Yusufu anaishi kwetu na analima pamoja nasi tangu kabla Rehema hajazaliwa. Hana shamba. Ana sisi."

Tulimkuta Mjomba ofisini kwa mtendaji. Nilikuwa nimemwomba mtendaji amwite. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba." Mama akaandika jina lake kwenye barua mbele ya macho ya kaka yake, nami nikaandika langu, kabla hatujampa asome. Alipoona hivyo shingo yake ilikakamaa. Mtendaji akajifanya anatafuta muhuri. Mjomba akaivuta barua, akaanza kusoma akitembeza midomo, nami nikafikiria namna kumi na saba mambo yanavyoweza kuharibika.

"Nani kaandika 'hana shamba'?"

"Mimi."

"Baba yako kaiona?"

"Yeye ndiye aliyesema nianze na hiyo."

Akairudia tena kutoka juu. Ilikuwa fupi, lakini alikaa nayo kuliko zile kurasa tatu. Nje mtu alikuwa akigombana na mbuzi. "Yusufu alisema hivyo," akasema, si kwa kuuliza. Akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena. "Wino uko wapi?"

Mtendaji akamsogezea kalamu. Akaikataa, alijua kuandika jina lake, ila saini hakuwahi kuiamini, mtu yeyote anaweza kuiiga. Alitaka kile kidau cha wino wa buluu. Akakandamiza dole gumba lake, akalitua juu ya karatasi polepole. Hakulitua pembeni wala juu penye nafasi ya kutosha. Alilitua chini, chini ya jina la Mama na chini ya jina langu.

Hilo watani hawalijui. Siku ya mazishi sikuwasahihisha, kwa sababu mtani hasahihishwi, na kwa sababu Baba, aliyekuwa amebeba jeneza upande wa mbele, alikuwa akicheka kuliko wote, machozi yakimtiririka. Kibali chake ni cha miaka miwili miwili. Kila kinapokaribia kwisha tunaanza upya, picha mpya, muhuri mpya, na kila mara natoa nakala ya barua ileile, na kila mara kuna mtu anauliza kwa nini mzee huyu hana kitu chochote chenye jina lake. Mwakani dole gumba lile halitakuwepo kuthibitisha, nami tayari nimeanza kulifikiria hilo, bila shaka.

Lakini siku ile ya dole gumba hatukungoja kesho. Tulikwenda mjini mchana uleule, mimi na Baba, amevaa lile koti lake. Afisa alikuwa yuleyule kijana wa pasipoti. Aliipokea barua, akasoma, akaigeuza nyuma, nyuma hakukuwa na kitu. Akanitazama, alinikumbuka, niliona. "Ni hii tu, dada? Safari hii hakuna kiambatisho?"

Nilikuwa na bahasha kwenye mkoba, nzito. Nilikuwa nimeiandaa usiku uliopita endapo wangeuliza. Nikaufunga mkoba.

"Hakuna," nikasema.